Aliyeitikia Migombani

Haya yalimpata rafiki yangu Lusungu wa Kawetele, msichana ambaye simu ilimpanda kama punda. Watu wasiomjua hata jina wakigombana mtandaoni, anayekosa usingizi ni yeye.

Jioni moja bibi yake, mgonjwa wa nyonga asiyeweza kuinuka peke yake, alimtuma migombani akakate majani ya kufunikia ndizi jikoni.

“Na hiyo takataka itoe masikioni, nikikuita usikie.”

“Sawa, bibi,” akasema. Alipokata kona tu, akazirudisha spika zake masikioni. Ukungu ulishashuka, na chini ya migomba giza lilikuwa zito. Akaketi kwenye gogo kutazama wajinga wawili wakitukanana kwa ajili ya wigi, mpaka simu ikazima.

Aliporudi, ndizi zilikuwa zimeungua na bibi yuko chini kando ya mafiga.

“Gwe Lusungu! Nimeanguka, nakuita, unaitika tu ‘abee, nakuja,’ halafu huji. Unanifanya mtoto mwenzio?”

“Sijaitika, bibi. Sikusikia chochote.”

“Mwongo! Sauti yako niikosee mimi niliyekulea?” Bibi akasonya, akaugeukia mlango na kuita kama alivyoita mwanzo: “Lusungu!”

Lusungu alikuwa amepiga magoti mbele yake, mdomo ameufumba.

“Abee, bibi,” sauti yake ikaitika kwa adabu kutoka migombani. “Nakuja.”

Safari hii majani makavu yakaanza kukanyagwa, polepole, kuelekea mlangoni.