Moto Unaoshuka Ukutani

Kinyonyajoto kilitumbukizwa kwenye pipa la maji yanayotokota, na kabla Ndealilia hajamaliza kujifuta jasho, mvuke ulikuwa umekatika. Bwana Temu, mwenye duka, akazamisha mkono mzima humo ndani huku akitabasamu.

Hapo Kibo Mpya, mji wa maghorofa yaliyopandana mlimani, hewa ilikuwa imepata moto hata sufuria iliyoepuliwa haipoi yenyewe. Mwenye kupika mbege, pombe ya ndizi, nyumbani kwake alikuwa taabani: ndizi zilizochemshwa ukizitia kimea cha ulezi zingali moto, kimea kinakufa, ukizingoja, zinaharibika. Ndealilia alionyeshwa bomba la shaba lililojiviringisha, lakini hilo lilikunywa maji kama ng'ombe, na maji yenyewe yalikuwa ya mgawo. Akaonyeshwa masahani ya chuma yaliyobanwa pamoja. Hayo nayo, makapi ya ndizi yangeyaziba mara moja.

“Na hiki, moto wake kinaupeleka wapi?” aliuliza.

“Ukutani, mama. Mabomba ya jengo yanaushusha chini.”

“Chini kwa nani?”

“Chini tu. Kwani wewe unapika mbege au unakagua majengo?”

Akacheka naye, akakichukua. Alikuwa na haraka, maana mbege ile ilikuwa ya kuombea msamaha. Kwenye msiba wa kaka yake alimwambia mjane, wifi yake Manka, mbele ya waombolezaji wote, kwamba mdomo wake ndio uliomuua mumewe. Tangu hapo hawakusalimiana.

Akapika, akachomeka kinyonyajoto ukutani, kikavuma, ndizi zikapoa vizuri sana. Mbege ilipoiva alichuma jani la isale, ambalo kwa Wachaga humtangulia mwenye kosa anapokwenda kuomba radhi, akashuka na kibuyu mpaka orofa ya chini kabisa.

Manka alifungua akiwa na kitambaa kibichi kichwani, shingo imejaa vipele. Ndani, picha ya marehemu ilikuwa imejikunja kwa joto. Ndealilia akapiga goti, akasema yote aliyokuja kusema, na Manka akamwacha amalize. Kisha akamshika mkono akaubandika ukutani. Ndealilia akauchomoa upesi.

“Juzi nililala kwenye ngazi na wajukuu,” Manka alisema. “Nikadhani jengo linaungua. Kumbe wifi yangu anapika.”

“Sikujua, wifi.”

“Uliuliza?”

Ndealilia alikuwa ameuliza, kule dukani, kisha akacheka.

“Rudi na kibuyu chako. Nimeshaipoza mbege hiyo kwa mwili wangu, sasa unataka niinywe pia?” Lakini jani la isale akalichukua, akaliweka mezani. “Hili linabaki. Njoo na mbege nyingine.”

Ndealilia alipanda ngazi asijue amlaani Temu kwanza au ajilaani mwenyewe. Akabandika ndizi upya. Zilipochemka, akaung'oa mdomo wa kinyonyajoto ukutani, akaugeuzia kitandani kwake, akafunga dirisha. Joto lilimpiga usoni kama mlango wa tanuri. Akakaa nalo mpaka pipa likapoa.

Akakizima. Ukuta haukunyamaza. Uliendelea kuvuma, orofa baada ya orofa, watu wa juu wakipoza vyao.

Ndealilia akashika mwiko wa kukorogea mbege, nguo zimemganda mwilini, akapanda kugonga mlango wa kwanza, aulize kama wanajua moto wao unashukia kwa nani.