Akianguka Thelujini, Mbonyeze Hapo Hapo

Huku kwetu Saskachewani, Kanada, theluji ikishaanguka, kila nyumba hutoa mtu na koleo kusafisha njia. Asubuhi ile mume wangu Orest alitoka kabla ya chai. Nilimwambia anywe kwanza. Akasema chai haigandi upesi kama theluji.

Nilimwona dirishani akianguka.

Sisi tunalelewa tukijua baridi inaua. Kwa hiyo mimi na binti yangu Larysa tulimburuta hadi jikoni. Tukamfunika mablanketi, tukamsugua mikono. Alikuwa akikoroma mara mojamoja. Nikashukuru kwamba anapumua. Gari la wagonjwa lilipofika, alikuwa ameshakwenda.

Baada ya maziko, nesi wetu Darlene alikuja kunipa pole. Nikamuuliza kama tulikosea. Hakunificha.

"Mama Larysa, kule kukoroma hakukuwa kupumua. Moyo ulikuwa umesimama. Mtu akianguka ghafla, haitiki, anakoroma au anatweta kwa kukatakata, mbonyeze pale pale alipo. Hata kwenye theluji."

Akanifundisha kwa mto wa kochi. Kwanza piga 911, namba ya dharura, uache simu wazi, watakuongoza. Mkono juu ya mkono, katikati ya kifua. Bonyeza kwa nguvu, uachie, zaidi ya mara mia kwa dakika. Nikamwambia sijui kupuliza mdomoni. Akasema mtu mzima akianguka hivyo, anza na mikono tu. Ipo pia mashine ya kushtua moyo, pale ukumbi wa kanisa. Ukiifungua, yenyewe inakwambia la kufanya.

Mwaka uliofuata, jirani yetu Wasyl alianguka akiwa na koleo lake. Mimi na Larysa tulipofika mbio, mkewe Nadia alishamshika makwapa amwingize ndani.

"Mwache hapo," nikamwambia. "Piga simu."

Nikamwita Wasyl, haitiki, anakoroma kama Orest; nikapiga magoti, nikabonyeza. Larysa akakimbilia mashine. Mbavu zikalia kwa kuvunjika chini ya mikono yangu, sikuacha. Alipoileta, tukamfungua koti na shati, tukambandika vibandiko vya mashine kifuani. Mashine ikasema tusimguse, ikamshtua. Nikaendelea mpaka gari likafika.

Wasyl alirudi nyumbani baada ya wiki tatu.

"Jirani, ulikuwa unanifufua au unakanda unga?" akaniuliza, ameshika mbavu.

Siku hizi namsikia Nadia akimgombeza kwa kuingia ndani na viatu vyenye theluji. Sauti inafika hadi jikoni kwangu. Huwa naacha kazi, nasikiliza. Laiti Orest naye angeingia hivyo, anichafulie sakafu, hata mara moja tu.