Salama ya Gombo na Lori Lililokwama

Asubuhi Dulma aliwasha jiko la samadi kavu, akachemsha chai ya maziwa, akaitia chumvi. Mama mkwe wake, bibi Yanjma, alikaa karibu na mlango wa hema. Alikuwa akiwasikiliza kondoo.

"Leo wamenyamaza," alisema. "Kondoo mwenye njaa hulia. Akinyamaza, mkwe wangu, amekata tamaa."

Dulma alilijua hilo. Theluji ilikuwa imeganda juu ya nyika kwa siku tisa. Kondoo walikwangua kwa kwato mpaka wakatoka damu, na hawakupata hata unyasi. Kumi na mmoja walikuwa wamekufa. Waliobaki walikuwa mia moja na arobaini, na hao ndio waliokuwa chakula, mavazi na ada ya shule ya watoto. Gombo, mume wa Dulma, alikuwa amekwenda wilayani na lori lake kuukuu kutafuta nyasi kavu. Alitarajiwa kurudi asubuhi hiyo.

Dulma alitoka nje, akatazama mbali. Lori alililiona. Lilikuwa kwenye korongo, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Lilikuwa limesimama.

Alichukua beleshi na chupa ya chai, akaenda.

Alipofika, alimkuta Gombo ndani ya lori akikanyaga mafuta kwa nguvu zote. Injini ilinguruma. Magurudumu ya nyuma yalizunguka papo hapo, yakitupa theluji nyuma. Blanketi zuri la manyoya, ambalo Gombo alikuwa amelitandika chini ya gurudumu, lilikuwa limetupwa kando likiwa vipande viwili.

"Blanketi la mama hilo," alisema Dulma.

"Naliona. Panda ndani upate joto. Linakaribia kutoka."

"Linakaribia kutoka au linakaribia kuzama?"

Gombo alikaza usukani. Alikanyaga tena, na lori likashuka kidogo zaidi. Dulma alikaa ndani kwa muda, akaanza kusikia kichwa kikimuuma. Alidhani ni hasira. Redio ilikuwa imetangaza dhoruba jioni hiyo. Dhoruba ikilikuta lori pale, lingefunikwa mpaka majira ya kuchipua.

Gombo alishuka, akapanda juu ya mzigo, akaanza kutupa nyasi chini. "Nalipunguzia uzito," alisema.

Wakati huo alitokea mtu juu ya farasi. Alikuwa Sodnom, jirani yao wa ng'ambo ya kilima. Sodnom alikuwa ameendesha malori ya makaa ya mawe kwa miaka ishirini na sita kabla ya kurudi kufuga farasi. Alishuka, akatoa kichupa chake cha ugoro. Gombo naye aliruka chini, akatoa chake. Walibadilishana kwa mkono wa kulia, kila mmoja akanusa, kila mmoja akarudisha.

"Mnapitisha baridi salama?" aliuliza Sodnom.

"Salama," alijibu Gombo.

"Mifugo imenona?"

"Imenona kabisa."

"Safari njema?"

"Njema, kaka."

Nyuma ya Gombo, lori lilikuwa limezama mpaka kwenye ekseli. Lakini ndivyo salamu ilivyo kwa watu hawa. Habari mbaya haitolewi kwenye salamu, na mgeni hamvui mwenzake nguo kwa maswali. Sodnom alilitazama lori, akatazama nyasi zilizotupwa, akafunga kichupa chake. Aliweka mguu kwenye kikuku cha tandiko ili aondoke.

Dulma aliona aibu ikimpanda, lakini alikumbuka kimya cha kondoo.

"Kaka Sodnom," aliita. "Hatuko salama. Mifugo haijanona. Kumi na mmoja wamekufa, na nyasi za waliobaki ndizo hizo. Huyu bwana atakuambia njema mpaka theluji imfunike kofia."

Gombo aliinamisha kichwa. Sodnom alitoa mguu kwenye kikuku, akacheka.

"Asante, shemeji. Mficha maradhi, kilio humfichua. Zima injini kwanza, mdogo wangu."

Alizunguka nyuma ya lori, akapiga magoti. "Nani alikaa ndani?"

"Mimi," alisema Dulma. "Kichwa kinaniuma."

"Bomba la moshi limezibwa na theluji. Moshi umerudi ndani, na una sumu isiyoonekana. Ungelala humo, usingeamka. Lori likikwama, fukua bomba kabla ya kuwasha injini. Hilo ndilo la kwanza, hata kabla ya magurudumu."

Gombo alimtazama mkewe. Alichukua beleshi mwenyewe, akalifukua lile bomba mpaka likaonekana lote. Sodnom alimwambia Dulma avute hewa safi na anywe chai, na kichwa kikapoa polepole.

"Sasa gurudumu," alisema Sodnom. "Linapozunguka papo hapo, hupata joto. Linayeyusha theluji, na theluji inageuka barafu. Umejisugulia kioo, kisha unataka kusimama juu yake."

Wanaume walipokezana beleshi. Waliondoa theluji mbele ya kila gurudumu, kisha chini ya tumbo la lori, maana lori lilikuwa limelalia tumbo. Waliichonga ile barafu laini kwa ncha ya beleshi mpaka ikawa na mikwaruzo.

"Na nyasi, nimalizie kuzitupa?" aliuliza Gombo.

"Hapana. Zirudishe, uzipange nyuma. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma lori hili. Yasipokuwa na uzito, yatakanyaga kwa nguvu gani?"

Kisha Sodnom alinyoosha kidole kwenye minyororo iliyofunga mzigo. "Hii je?"

"Hiyo nafungia nyasi," alisema Gombo kwa sauti ndogo.

"Ni minyororo ya magurudumu, bwana. Umezivisha nyasi viatu, na lori linatembea pekupeku."

Dulma alicheka mpaka machozi yakaganda kwenye kope. Walizipakia nyasi tena nyuma, wakazifunga kwa kamba. Wakayavisha magurudumu ya nyuma minyororo, wakaikaza. Ndani ya lori mlikuwa na gunia la samadi kavu, kuni za safari. Sodnom aliiponda kwa kisigino, akaimwaga mbele ya magurudumu, kavu na yenye chenga.

"Usukani uwe sawa, usikate kona," alisema. "Gia ya pili, siyo ya kwanza. Ya kwanza ina nguvu nyingi mno, itazungusha gurudumu. Kanyaga mafuta kana kwamba kuna yai chini ya mguu. Likianza kuteleza, achia mara moja. Lirudishe nyuma kidogo, kisha mbele kidogo, mpaka lijitengenezee njia. Likitoka, usisimame mpaka ardhi ngumu. Na sisi tukae kando kabisa. Asisimame mtu mbele wala nyuma."

Gombo aliwasha injini. Lori lilikwenda mbele kidogo, likarudi. Likaenda tena, likarudi. Mara ya nne minyororo iling'ata samadi na barafu, na lori likapanda kutoka kwenye shimo polepole, likavuka korongo, likaendelea. Dulma alikimbia nyuma yake akilia kwa furaha, beleshi begani.

Walifika nyumbani kabla ya dhoruba. Kondoo walikula mpaka giza likaingia.

Siku tatu baadaye, dhoruba ilipotulia, Sodnom alipita. Vichupa vya ugoro vilibadilishana mikono.

"Mnapitisha baridi salama?"

Gombo alifungua kinywa. Akamtazama mkewe.

"Salama, kaka," alisema. "Ila pampu ya maji ya lori inavuja."

"Haya, nioneshe," alisema Sodnom, akavua glavu.

Ilibidi waongee kwa sauti kubwa, kwa sababu zizini kondoo walikuwa wakipiga kelele wakidai nyasi za mchana. Dulma alitaka kwenda kuwanyamazisha. Bibi Yanjma alimshika mkono.

"Waache walie," alisema.