Mzimu Unaopumzika Jumatatu

Jumanne jioni, baragumu la kumaliza sala likiwa limeshapulizwa, Fa'apusa alimkuta wifi yake Sieni amelala kifudifudi kando ya kaburi la mumewe, hapo hapo mbele ya baraza. Kichwa kilikuwa kinavuja damu. Mkononi alishikilia kipande cha glasi, na majani yalikuwa yamelowa maji.

Fa'apusa aliita watu. Na kwa kuwa kijiji kizima kilijua kwamba wawili hao hawaivi chungu kimoja, kabla gari la hospitali halijashuka mlima kuelekea mjini Apia, maneno yalishaenea kuwa yeye ndiye aliyemsukuma. Watu hawana dogo.

Sajini Moelagi alifika hospitalini kesho yake asubuhi. Sieni alikuwa ameshonwa kipaji cha uso, amekaa kitako, macho makavu. Sajini alimuuliza ni nani aliyemsukuma.

"Hakuna. Uelese aliniita, akaomba maji. Nikampelekea, nikateleza kwenye ngazi."

"Mama, Uelese si marehemu?"

"Ndiyo maana nilimpelekea kaburini."

Kisha akaeleza yote kwa sauti ya chini. Alimuuguza mumewe usiku na mchana, na usiku wa mwisho usingizi ukamzidi nguvu. Alipoamka alfajiri, Uelese alikuwa ameshapoa. Sasa, kwa wiki kadhaa, kila saa ya sala sauti yake ilisikika chumbani ikisema: Sieni, maji, koo limekauka. Sieni hakuwa na shaka kwamba ndivyo mumewe alivyoita usiku ule, yeye akikoroma. Ukoo ungekutana Jumanne ya wiki inayofuata. Setefano, mdogo wa marehemu, alishatamka kwamba kaka yake hamtaki tena mwanamke huyo nyumbani, arudi kwao kisiwani Savai'i.

"Na mimi nimekubali," Sieni alisema. "Nitakaaje kwenye nyumba nilimomuua mtu kwa kiu?"

Sajini Moelagi haogopi mlevi mwenye panga. Mizimu anaiogopa kama sisi wote. Hata hivyo jioni ile alikaa chumbani kwa marehemu pamoja na Fa'apusa, na baragumu lilipolia, sauti ikaja. Ilikuwa sauti ya mgonjwa, imechoka, inabembeleza. Fa'apusa alijifunika uso kwa shuka. Moelagi naye aliogopa, lakini alitega masikio. Sauti ilitoka kwenye spika ndogo juu ya kabati, ile ambayo Uelese alisikilizia nyimbo za kanisa. Na nyuma ya sauti, mvua ilikuwa inapiga mabati. Alichungulia dirishani. Nje palikuwa pakavu, nyota zimejaa.

Akaenda sebuleni kwenye ruta ya intaneti na kuifungua mipangilio. Uelese, alipoanza kulazwa mara kwa mara, alikuwa ameiwekea VPN, yaani njia ya faragha: mwenye ufunguo wake anaingia kwenye mtandao wa nyumba kutoka popote duniani, anawasha taa au spika kana kwamba amekaa kwenye kochi lile. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, wenye jina la simu ya Uelese. Na jioni ile ulikuwa umetumika.

"Simu yake iko wapi?" aliuliza.

Fa'apusa alinyoosha kidole dirishani, kule kaburini. "Tulimzika nayo. Niliiweka mwenyewe chini ya mkono wake."

Hapo Moelagi alitamani kwenda kwao. Lakini alijikaza, akakumbuka kwamba ufunguo wa aina hii ni faili tu, hunakiliwa. Simu ilipitia mikono ya nani kabla ya maziko? Fa'apusa alisema ilikuwa kwake, na usiku mmoja wa matanga Setefano aliiazima atoe picha za kaka yake.

"Unamchukia Sieni?"

"Namchukia. Hajui kupika magimbi na anajifanya anajua. Lakini mimi nikitaka mtu ahame namwambia usoni, Sajini. Tena nimeshamwambia."

Moelagi hakuifunga njia ile, aliiacha wazi kama mtego. Kila jioni alikaa chumbani akasikiliza. Jumapili sauti iliita Fa'apusa akiwa anaimba kwaya mbele ya kanisa zima, hana simu wala nafasi ya kupiga chafya. Basi si yeye. Jumatatu asubuhi akampigia Setefano, shemasi anayeishi ng'ambo, Pago Pago. Setefano alijibu kwa upole kwamba kwake ilikuwa bado Jumapili, na siku ya Bwana hafanyi shughuli yoyote, hata birika hawashi. Ampigie kesho.

Jumatatu hiyo jioni mzimu haukuita. Fa'apusa wala hakushangaa. Jumatatu huwa kimya, alisema, kila mtu anajua.

Mkutano wa ukoo ulisogezwa mbele wiki moja kwa ajili ya jeraha la Sieni. Ijumaa Setefano alitua na ndege, akafikia kwa dada yake Fa'apusa. Jumapili, kwa mara ya kwanza, mzimu ulinyamaza. Jumatatu ukaita. Usiku huo Moelagi alilala usingizi mzuri.

Jumanne ukoo ulikaa mikekani kwenye nyumba ya mikutano. Sieni alikuja na furushi la nguo zake, tayari kwa safari. Moelagi akaomba neno.

"Pago Pago iko upande wa pili wa mstari wa tarehe," alisema. "Saa zetu ni zile zile, lakini Jumatatu yetu ni Jumapili yao. Mzimu huu ulikuwa unapumzika Jumatatu. Shemasi Setefano alipokuja huku, ukahamia kupumzika Jumapili. Ni mzimu gani huo unaofuata ratiba ya shemasi?"

"Sajini, unanishtaki kwa kumcha Mungu?"

"Nakushtaki kwa kumcha siku moja tu ya wiki."

Fa'apusa ndiye aliyeinyanyua simu ya Setefano pale mkekani na kumkabidhi Sajini. Ufunguo ulikuwemo, na sauti ilikuwemo.

Setefano aliinamisha kichwa. Alisema alimrekodi kaka yake alipokuja kumuuguza, abaki na kumbukumbu. Alisema kando ya kaburi lile imebaki nafasi moja, na Uelese alimwahidi mkewe. "Mimi ni damu yake. Nimezeeka kwenye kiwanda cha samaki nchi ya watu, nikitaka kitu kimoja tu, kulala kando ya kaka yangu. Yeye angehama, mahali pangekuwa pangu."

Sieni hakumtazama. "Shemeji, hivi ndivyo alivyoita usiku aliokufa?"

Moelagi ndiye aliyejibu. "Mwezi aliokufa, Mama, mlikuwa mnachota maji tangi la kanisa kwa ukame, mawingu hayapo. Humu kwenye rekodi mna mvua. Huu ni usiku mwingine. Na Setefano hakuirusha rekodi yote."

Akaicheza sauti mpaka mwisho. Sieni, maji, koo limekauka. Mvua. Kisha ndara zikaburuzwa sakafuni, glasi ikagonga meno, mtu akanywa kwa pupa. Halafu Uelese: "Umechelewa, bibie. Nilidhani umeshaolewa tena." Na mwanamke akacheka, kicheko cha usingizi, na kila mtu pale alikijua.

Sieni alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Setefano alipanda gari la polisi bila kuaga, na furushi la nguo Fa'apusa alilibeba mwenyewe kulirudisha ndani, akinung'unika kwamba lina uzito wa bure.

Moelagi aliufuta ufunguo wa Uelese, njia ikafungwa. Jioni baragumu lilipolia, chumba kilibaki kimya. Fa'apusa alimkuta Sieni amekaa ukingoni mwa kitanda, glasi ya maji mapajani.

"Unasubiri nini sasa?"

"Najua hataita," Sieni alisema. "Nilikuwa nimemzoea."

Fa'apusa alikaa kando yake, wakasubiri wote wawili.