Swali Moja la Yusto Chengula

Kipimakura hakikuwa na adabu hata kidogo. Kilikuwa kioo chembamba ukutani mwa ofisi ya kila jaji wa Mahakama ya Rufaa ya Jimbo la Nyanda. Kilisoma kila sentensi jaji aliyoiandika, kikakadiria ni wananchi wangapi kati ya mia wangempa kura akiitamka. Wapiga kura wenyewe ndio waliotaka kiwekwe, ili jaji asisahau ni nani aliyemwajiri. Asubuhi hiyo, zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya uchaguzi, Jaji Eufrasia Mbwilo aliandika maneno manne tu, "Rufaa hii ina msingi," na kioo kikashuka kutoka sitini na mbili hadi arobaini na moja.

"Haya, shuka," akakiambia, akaendelea kuandika.

Mrufani aliitwa Yusto Chengula, mlinzi wa mtambo wa mvua. Mwaka uliopita mtambo ulizimika wiki tatu, viazi vya jimbo zima vikakauka, vikiwemo vya Eufrasia mwenyewe. Watu walikuwa na hasira, na nani angewalaumu? Kisha Shuhudizi, mashine inayotazama kila kona ya mji na kutoa ushahidi mahakamani, ikasema Yusto ndiye aliyeuzima. Akafungwa miaka saba.

Mahakama ya Rufaa haiiti mashahidi. Inasoma mwenendo wa kesi, ukurasa kwa ukurasa, kuona kama sheria ilifuatwa huko chini. Juu yake ipo Mahakama ya Juu, lakini hiyo huchagua kesi kumi tu kwa mwaka, na ya mlinzi wa mtambo isingekuwemo, jamani, hata kwa bahati. Eufrasia na majaji wenzake wawili waliopangiwa kesi hiyo ndio waliokuwa tumaini la mwisho la Yusto.

Mmoja wao alikwisha kusema rufaa itupwe. Alibaki Jaji Lwitiko, mtu mwema, mwoga kidogo, naye alikuwa akigombea tena. Alikuja ofisini kwa Eufrasia akamweleza taratibu kwamba Shuhudizi haijawahi kukosea, kwamba wote wawili wangepoteza kazi kwa ajili ya mtu ambaye pengine ni mkosaji kweli, na kwamba wasubiri angalau uchaguzi upite. Eufrasia alikiri kuwa hajui kama Yusto ana hatia. Hilo, alisema, silo alilotakiwa kulijua. Akamfungulia ukurasa wa tisini na nne, akamwomba asome kwa sauti.

Lwitiko akasoma. "Mshtakiwa: Naomba niiulize mashine swali moja. Hakimu: Mashine haidanganyi, haiulizwi. Kaa chini."

"Ungekuwa wewe, kaka, ungekaa?"

Lwitiko alikitazama kioo. Kisha akavua koti lake, akakifunika nalo. Siku hiyohiyo wakatia saini, wawili dhidi ya mmoja: hukumu imefutwa, kesi isikilizwe upya, mshtakiwa aulize swali lake.

Uchaguzi uliwaangusha wote wawili vibaya. Eufrasia alilia siku nzima, sitaficha, maana kazi ile aliipenda. Siku ya pili alichukua jembe akaenda kupanda viazi.

Miezi mitatu baadaye kesi ikasikilizwa upya, naye akaenda kama mwananchi yeyote. Ukumbi ulijaa wakulima, wengi wao waliomnyima kura, na hakuna aliyempisha. Akasimama ukutani. Yusto alikuwa kizimbani, gereza limemkondesha mpaka shati linamning'inia. Hakimu mpya akamruhusu aulize.

"Siku ile mtambo ulipozimika, uliniona?"

"Hapana," ikajibu Shuhudizi kwa sauti yake ya upole. "Saa ile nilikuwa nimezimwa, nafanyiwa usafi. Nilikisia kutokana na aliyekuwa zamu."

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Sikuulizwa."

Mama mmoja kwenye benchi la nyuma aligeuka, akamwona Eufrasia amesimama, akamtazama kidogo, kisha akasogea.

"Karibu ukae, Mheshimiwa," alisema.