Kwa Apollinaire, Usiku Ulianza Saa Saba

Jioni ile mama alinituma nikamchukue mdogo wangu Bénie kule baa ya Apollinaire, kabla ya couvre-feu, saa ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuwa nje. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa motoni, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na mimi nilikuwa na hasira. Nilijiambia: nitamshika mkono, nitamtoa, tutarudi, tutakula. Basi.

Inafaa kwanza niieleze ile barabara ya baa, maana anayeingia mjini Beni leo hawezi kuamini. Zamani iliamka jua likizama. Spika za baa hii zilibishana na za baa ile. Moshi wa mishikaki ya mbuzi uliwafuata watu mpaka vitandani mwao. Wasichana waliruka madimbwi wakiwa wameshika viatu mkononi, na askari waliopewa mapumziko waliimba kwa Lingala nyimbo ambazo hawakuzijua mwisho. Halafu mauaji ya vijijini yakatukaribia, yakawa habari ya kila wiki, na couvre-feu ikawekwa. Baa moja ikageuka duka la mbolea. Nyingine ikawa chumba cha maombi, na spika zilezile.

Apollinaire peke yake hakufunga. Alikuwa mtu mnene, wa utani mwingi, mjane. Usiku ulipokatazwa, aliutengeneza wa kwake. Alipigilia mablanketi meusi kwenye madirisha yote, akaziba nyufa za mlango kwa matambara, akaacha taa moja nyekundu nyuma ya kaunta. Saa saba ya mchana alifunga mlango. Nje kulikuwa na jua kali na wanawake wakiuza ndizi. Ndani kulikuwa giza la usiku wa manane. Vijana walifurahi sana. Walicheza mchana kutwa, na jioni wakatoka wakifinya macho kama popo, wakakimbilia makwao.

Kisha mambo yakabadilika. Sijui tangu lini. Kelele zilipungua, lakini watu hawakupungua. Wale vijana hawakuonekana tena. Sasa waliingia akina mama waliovaa vitenge vya matanga. Wazee. Wajane. Walipotoka hawakuwa wamelewa. Walitoka polepole, macho mekundu, wakitabasamu.

Bénie alikuwa mmoja wao.

Mdogo wangu alikuwa amechumbiwa na kijana aitwaye Nzanzu. Nzanzu alikwenda kuvuna kakao kwenye shamba la mjomba wake karibu na Oicha, na siku hiyohiyo watu wa porini, wale wauaji wa vijijini, wakaingia. Wavunaji wengine tuliwakuta wamekufa palepale chini ya miti ya kakao, tukawazika. Yeye hatukumpata. Hata kiatu chake hatukukipata. Miezi ilipita, padri akataja jina lake katika misa ya wafu. Bénie hakulia. Aliacha kula tu, akawa anakaa kizingitini akiangalia upande wa Oicha.

Halafu siku moja alirudi nyumbani jioni, akala sahani nzima ya bugali, akaomba nyingine. Mama alimshukuru Mungu. Tangu hapo, kila mchana Bénie alivaa blauzi yake nyeupe, akajipaka mafuta, akaenda kwa Apollinaire.

Nilifika jua likigusa mabati. Mlangoni hapakuwa na mtu. Rumba ya taratibu ilikuwa inapigwa ndani, chini sana, kama redio iliyofunikwa na mto. Nikatega sikio nisikie watu wakiongea au kucheka. Hakuna. Nyayo tu. Nyayo nyingi, zikiburuzwa pamoja juu ya saruji.

Shh... shh... shh...

Nikasukuma mlango.

Kilichonipokea ni harufu. Nilitegemea bia na jasho. Ilikuwa kakao. Siyo ya kunywa. Ilikuwa ile mbichi inayochachishwa chini ya majani ya migomba, tamu na chungu pamoja, inayochoma pua. Na chini ya harufu hiyo, udongo uliolowa.

Nilisimama nizoee giza. Watu walikuwa wakicheza wawiliwawili, wamekumbatiana, chumba kimejaa mpaka ukutani. Nikapenya katikati yao, nikisema pardon, pardon. Mabega niliyoyagusa, mengine yalikuwa na joto la mtu.

Mengine hayakuwa na joto lolote.

Bénie alikuwa karibu na dirisha la nyuma, macho amefunga, kichwa kifuani pa mwanaume mrefu. Uso wa mwanaume sikuuona. Alikuwa ameinama, kidevu begani kwa mdogo wangu.

"Bénie," nikanong'ona. "Twende. Saa imefika."

"Yaya, ngoja kidogo. Wimbo haiyaisha." Yaya ndivyo alivyoniita, mimi dada yake mkubwa.

"Mama anakungoja. Couvre-feu iko karibu."

"Ngoja..."

Ndipo yule mwanaume akasema, bila kuinua kichwa:

"Yambo, yaya Kanyere."

Nzanzu alikuwa na desturi ya kulivuta jina langu mwishoni, kwa kunitania. Sauti ilikuwa yake. Alilivuta vilevile. Lakini maneno yalitoka kwa shida, kama ya mtu mwenye kitu mdomoni.

"We ni nani?"

"Hapana kuogopa. Nimekuya kumuchukua tu. Atanisindikiza kidogo."

"Mpaka fasi gani? Mpaka wapi?"

Bénie ndiye aliyejibu, kwa furaha niliyokuwa nimeisahau kwake. "Nilishamuambia ndiyo, yaya. Leo njo tunaenda."

Nikaushika ule mkono uliokuwa kiunoni mwake. Nilitaka kuutoa kwa nguvu.

Vidole vyangu viliingia ndani.

Havikukutana na mfupa. Ulikuwa mlaini, umelowa, unateleza, na ulikuwa ukisogea polepole kati ya vidole vyangu.

Sijui nilipiga kelele au hapana. Najua nilianguka kwenye dirisha, nikashika blanketi kwa mikono miwili, nikalivuta mpaka misumari ikang'oka.

Mwanga wa jioni ukaingia.

Muziki uliendelea. Chumba kilichokuwa kimejaa hakikuwa kimejaa tena. Walibaki watu wachache, wametawanyika, kila mmoja peke yake, na kila mmoja amekumbatia hewa. Mzee mmoja mkono wake ulikuwa umezunguka kiuno kisichokuwapo. Mama mmoja alikuwa ameinama, mikono chini kidogo, kwenye urefu wa mtoto anayeanza shule. Bénie alisimama mbele yangu, shingo ameiegemeza pasipo na kitu.

Kwa muda hakuna aliyesogea. Halafu yule mama akainua uso.

"Funga!" alilia. "Funga rideau! Mutoto wangu alikuwa hapa! Funga!"

Akapiga magoti, akaanza kupapasa sakafuni kama mtu aliyeangusha sindano. Wengine nao wakaanza kulia. Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo lililonitisha kuliko ule mkono. Wote walikuwa wanajua.

Apollinaire alitoka nyuma ya kaunta. Nilishtuka kumwona. Unene wote ulikuwa umekwisha, shati linaning'inia.

"Apollinaire, hii ni bulozi gani?"

"Mi sikufanya bulozi, Kanyere. Nilifunga madirisha tu." Aliongea chini, macho kwenye ule mwanga. "Bale, hapana mi niliita. Bilikuya benyewe. Siku moja niliona batu ndani beko bengi kupita bale nilifungulia mulango."

"Na ju ya nini hukufunga baa?"

Alisogea dirishani. Kisha akasema, "Florentine iko kati yabo."

Florentine alikuwa mke wake. Tulimzika zamani, kabla ya vita kutufikia, na mimi mwenyewe niliimba kwenye matanga yake.

"Na batu benye banabasindikiza?" nikamuuliza. "Banarudiaka?"

Apollinaire alitazama chini. Aliokota lile blanketi, akalikunja polepole kama nguo ya mtoto mchanga.

"Peleka mudogo yako nyumbani," akasema. "Mbio. Kabla mi sijafunga tena."

Bénie alinikwaruza uso, aliniuma, alinitukana kwa maneno ambayo sikujua anayajua. Nilimburuza hivyohivyo. Barabarani watu walikuwa wakifunga maduka, na hakuna aliyetuuliza, maana kila mtu alikuwa anakimbia. Tulipofika nyumbani mama aliwasha taa, akaiona blauzi nyeupe. Begani, palepale kidevu kilipokuwa, kulikuwa na doa la maji meusi. Alilifua usiku uleule. Halikutoka. Asubuhi aliichoma blauzi pamoja na majani ya migomba, akatapika, wala hakutuambia kwa nini.

Bénie alishikwa na homa. Usiku alilala vizuri. Mchana ndipo tulipomlinda kwa zamu, kwa sababu baada ya saa saba aliinuka akiwa bado usingizini, akaenda mlangoni, akapapasa kitasa. Padri alikuja, akaomba, akanyunyiza maji ya baraka. Polepole Bénie akaanza kutulia. Akarudi kutwanga sombe na mama, akarudi kanisani, ingawa alikaa benchi la mwisho.

Kwa Apollinaire, siku moja asubuhi majirani waliukuta mlango wazi. Ile taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Yeye hakuwapo. Wengine walisema amekimbilia Butembo, amefungua baa nyingine upande wa Rughenda. Wengine walisema walimwona kwenye barabara ya Oicha, anatembea taratibu, mkono mmoja ameunyoosha pembeni kama mtu anayemshika mwenzake begani. Mimi sikumtafuta.

Kiangazi kilipoingia, simu ikapigwa kutoka Oicha.

Nzanzu alikuwa hai.

Alikuwa ametoka porini mwenyewe, amekonda, nywele ndefu, alama za kamba kwenye mikono. Walimteka, wakambebesha mizigo, wakatembea naye msituni miezi yote ile. Alipoletwa kwetu mama alimwangukia, akamshika uso, akalia kwa sauti. Nilimshika mkono. Nilibonyeza kwa nguvu mpaka akacheka. Ulikuwa na mfupa. Ulikuwa na joto.

"Yaya Kanyere," akasema, akilivuta jina langu.

Bénie hakutoka jikoni. Nilimfuata, nikamkuta amesimama nyuma ya mlango, anamchungulia.

"Yaya," akaninong'oneza, "kama huyu njo Nzanzu... ule alikuwa nani?"

Nikausukuma mlango, Nzanzu asisikie.

Tulidhani Bénie atazoea. Nzanzu alikuja kila siku, akakaa uani, akasaidia kupasua kuni. Bénie alimpa chakula, akarudi ndani. Wala Nzanzu hakumwita. Niliona hata macho alikuwa akimkwepa. Mchana mmoja, mama akiwa sokoni, nilimuuliza Nzanzu alitorokaje. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote.

"Mwanamuke njo alinitoa," akasema.

"Mwanamuke gani?"

Aliangalia kule jikoni kabla ya kujibu. "Mu pori tulilalaka muchana, ju usiku njo tulitembeaka. Siku moja nikasikia mutu ananishika bega. Nafungua macho, ni Bénie. Anacheka. Akaniambia, simama. Tukapita katikati ya balinzi, hakuna mwenye aligeuka. Tukatembea, tukatembea, ananishika mukono. Tulifika ku barabara, akaniachilia. Nikageuka... hapana mutu."

"Bénie hakutoka Beni hata siku moja," nikamwambia. "Alikuwa mugonjwa. Mi mwenyewe nilikuwa namulinda."

"Najua. Mama aliniambia." Alisugua zile alama za kamba. "Njo ju ya ile naogopa kumuangalia sasa. Yaya, nisamehe. Ule wa mu pori... alikuwa ananipenda kupita huyu."

Nyuma yetu kitu kiligonga chini. Bénie alikuwa amesimama na beseni miguuni, maji yakimwagika. Alikuwa amesikia yote. Nilingoja akasirike. Nilingoja alie.

"Na mi vilevile," akasema. "Ule wa baa."

Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Nzanzu arudi, na walitazamana muda mrefu, bila aibu, kama wagonjwa wawili waliogundua wana ugonjwa mmoja. Sikupenda kuendelea kuwepo pale. Nikaingia ndani.

Siku iliyofuata, baada ya kula, walituaga kwamba wanakwenda kutembea kidogo. Mama alifurahi. Alisema mwishowe harusi itakuwepo. Aliwauliza watarudi saa ngapi. Hawakusikia, au walijifanya hawakusikia.

Jioni couvre-feu ilifika. Hawakurudi.

Tuliwatafuta kwa jamaa, kwenye parokia, kwa askari wa vizuizi. Mwishowe tulimpata Daudi, kijana anayeendesha moto, pikipiki ya abiria, kati ya Beni na Oicha. Alikuwa amewaona.

"Bilikuwa kando ya barabara," akasema. "Banatembea pole pole, banacheka."

"Bénie na Nzanzu?"

"Ehe. Na bale bengine."

Mama alikaa chini. Nikamuuliza, "Bengine gani, Daudi?"

Alitutazama kana kwamba tunamtania.

"Lakini, si bilikuwa banne? Bawili bawili, banashikana mikono. Nilipiga honi, banisalimie. Bawili tu njo biligeuka."

"Bawili gani?"

Daudi akafikiri. Akafikiri sana, na nikaona uso wake unabadilika.

"Sijue," akasema polepole. "Bote banne bilikuwa na sura mbili tu... Bénie bawili, Nzanzu bawili. Mi nilifikiri ni mapacha."