Mume Wangu Hakutaka Niione Iskandaria

Nilimkuta mume wangu jikoni anakata kitambulisho changu kwa mkasi!

Mkasi wa bamia, jamani. Sura yangu imeshagawanyika vipande viwili, na yeye kakomaa na kile kipande chenye jina.

"Baba Shaimaa! Unafanya nini?!"

Akashtuka, mkasi ukadondokea kwenye sufuria ya mboga.

"Kilikuwa... kimekwisha muda, Mama Shaimaa."

"Kimekwisha muda? Kina miaka minne mbele!"

Akaanza kuuvua mkasi kwenye mboga.

Zilikuwa zimebaki siku tatu tupande treni ya Iskandaria. Bila kitambulisho hakuna hoteli itakayokupokea. Alijua hilo. Na mimi nilijua kwamba anajua...

Ngoja niwaeleze vizuri, maana hapa naandika na hasira bado hazijaniisha.

Naitwa Bahiga, mwalimu wa chekechea hapa Asyut. Kila mwaka nafundisha watoto kuchora bahari. Mawimbi, samaki, mashua, kila kitu. Mimi mwenyewe bahari sijawahi kuiona kwa macho! Kuna mtoto aliniuliza, "Mwalimu, chumvi ya baharini anaiweka nani?" Nikamwambia achore, aache maneno.

Mume wangu, Rifaat, ni fundi wa mafriji. Mtaani wanamwita Mwiskandaria. Anasema jeshi alilitumikia Iskandaria ujanani, na tangu hapo mdomo haujafungwa! Mkahawani anawasimulia tramu, anawasimulia jinsi wanawake wa kitongoji kiitwacho Bahari wanavyogombana dirisha kwa dirisha.

"Nyie hamjui samaki! Mimi kule ufukwe wa Anfushi nilikuwa nakula samaki bado anapepesa macho!"

Watu hoi kwa kicheko.

Niseme ukweli? Ndizo hadithi zilizonifanya nikubali posa yake. Wengine walikuja na ahadi za nyumba. Huyu alikuja na bahari.

"Tukioana tu, mwezi wa kwanza nakupeleka."

Hiyo ni miaka ishirini na nne iliyopita!

Mwaka wa kwanza, bahari imechafuka. Mwaka uliofuata, mama yake mgonjwa... nikaenda kumwona, nikamkuta anakula bata mzima peke yake! Mara mgongo, mara wateja, mara tiketi zimepotea. Kuna mwaka tulifika mpaka kituoni, mabegi mkononi, akasema ameacha pasi ya umeme ikiwaka. Tuliporudi, pasi ilikuwa kabatini, ya baridi kabisa.

Mwaka huu nikasema leo ni leo. Nilipanga kila kitu mwenyewe. Treni, hoteli ya karibu na kituo cha tramu cha Raml, hadi ramani niliyochora nyuma ya daftari la mahudhurio. Binti yetu Shaimaa kamaliza chuo, tuliipanga iwe zawadi yake.

Halafu mtu ananikatia kitambulisho na mkasi wa bamia!

Sasa sikilizeni.

Kutengeneza kitambulisho kipya kulitaka cheti cha kuzaliwa. Nikapekua droo ya Rifaat. Chini kabisa, chini ya vitabu vya mafriji, nikakuta bahasha tupu.

Mtumaji: Inaam. Mtaa fulani wa Bahari, Iskandaria.

Mwanamke!

Nikakaa sakafuni. Kumbe ndiyo sababu... Kumbe miaka yote mimi nachora mawimbi ubaoni, mwenzangu ana bi mdogo pwani!

Tarehe kwenye muhuri sikuiangalia. Mtu ameshapagawa, tarehe aiangalie ya nini?

Shaimaa aliponikuta pale chini akasoma ile bahasha, akabadilika rangi.

"Mama, tumuulize Baba."

"Tumuulize nini? Akate na vidole vyangu?"

Sikusema kitu. Nilipika, nilicheka, nilimkanda mgongo wake wa uongo. Wiki tatu baadaye kitambulisho kipya kikatoka. Nikamwambia, "Baba Shaimaa, sisi tunakwenda Minya kwa dada yangu."

"Nendeni salama," akasema. Na uso ukamng'aa kabisa! Hapo ndipo aliponimaliza.

Masaa tisa njiani. Shaimaa alilala, mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya matusi. Tulishuka, tukachukua teksi moja kwa moja hadi Bahari. Jamani, bahari ilikuwa pembeni yangu, na sikugeuza shingo! Miaka ishirini na nne naililia, na siku nimeifikia naona tu mlango wa mwanamke.

Ghorofa ya tatu. Nikagonga kwa ngumi.

Mlango ukafunguliwa na... bibi kizee. Miaka themanini na kitu, mwembamba kama ufagio, kashika kijiko cha kukorogea.

"Namtaka Inaam!"

"Ndiye mimi, mwanangu. Mbona unatweta? Ngazi zimekuchosha?"

Matusi yote yakapotea.

"Mimi ni... mke wa Rifaat. Rifaat wa Asyut."

Kijiko kikamtoka mkononi. Akanikumbatia shingoni kwa nguvu, akaanza kulia, na mimi nimesimama mikono imening'inia kama gogo.

"Rifaat! Yuko hai? Yuko wapi? Kwa nini hakuja, mwanangu? Thelathini na moja... miaka thelathini na moja namsubiri!"

Ukutani kulikuwa na picha ya kijana wa jeshi, yenye utepe mweusi pembeni.

"Mwanangu Zakaria," akasema. "Alikuwa na mumeo jeshini."

"Hapa Iskandaria?" Shaimaa akauliza.

"Hapa? Hapana, mjukuu wangu. Kambi yao ilikuwa jangwani kule magharibi, hata kunguru hafiki. Rifaat hajawahi kukanyaga mji huu."

Mimi na Shaimaa tukatazamana.

Bibi akaanza kusimulia habari za mwanawe. Zakaria alivyopenda tramu. Zakaria alivyoigiza majirani wakigombana madirishani. Zakaria alivyokuwa akijigamba kwamba samaki wa Anfushi anamla bado anapepesa macho...

Weee!

Maneno yale yale! Ujana wote wa mume wangu ulikuwa wa mtu mwingine!

Nikampigia simu palepale.

"Mama Shaimaa, mmefika Minya?"

"Niko Bahari. Nimekaa sebuleni kwa Inaam."

Nikasikia kiti kikiburutwa.

"Anakusalimia. Anauliza samaki unapenda wa kukaanga au wa kuchoma."

"Bahiga..." Haniitagi jina hilo. "Bahiga, siwezi. Ile siku ilikuwa zamu yangu kwenda kufuata maji na lori. Nilijifanya mgonjwa. Zakaria akaenda badala yangu, lori likapinduka. Mama yake akaniandikia niende nimweleze mwanawe alikufaje. Nitamwambiaje? Nitamwambia alikufa kwa sababu mimi nilijifunika blanketi?"

"Na zile hadithi?"

"Niliporudi watu waliniuliza nilikuwa wapi. Kichwani nilikuwa na Zakaria tu. Nikaanza kusimulia... nikashindwa kuacha."

Nilitaka kumhurumia. Nilitaka pia kumpiga na kandambili. Vyote viwili kwa pamoja.

"Panda treni," nikasema. "Usipokuja, na mimi sirudi."

Kesho yake alasiri tukampokea kituoni. Mwiskandaria mzima, anazunguka na begi hajui mlango wa kutokea uko wapi! Alikuwa amevaa suti yake ya harusi. Haifungi kifungo.

Mbele ya Bibi Inaam alipiga magoti kwenye zulia. Akaeleza yote. Blanketi, zamu, lori. Maneno yalikuwa yakitoka vipande vipande, na mimi nasema huyu bibi wa watu atazimia mikononi mwetu.

Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Hilo nalijua."

"Unalijua?!" Rifaat akashtuka.

"Ofisa wao aliniambia siku ya mazishi. Zakaria alikwenda kwa zamu yako, wewe ulisema unaumwa. Sasa mimi nilikuita nikuhukumu? Nilisema tu, kuna mtu amekaa na mwanangu mwaka mzima ambao mimi sikumwona. Aje aniambie alikuwa anakula nini. Alikuwa anacheka na nini. Ndugu zangu wamekufa, majirani wamehama. Sina wa kuzungumza naye habari za mwanangu."

Rifaat akalia kama mtoto.

Na mimi? Mimi nilikasirika upya, wallahi! Miaka ishirini na nne ya visingizio, mgongo, pasi ya umeme, kitambulisho changu kukatwa... kumficha mtu jambo ambalo analijua tangu siku ya mazishi! Nilitoka nje hadi kibarazani nikapiga ukuta kofi. Hapo chini, kati ya majengo mawili, ndipo nilipoiona bahari kwa mara ya kwanza. Kipande kidogo. Nikaiangalia huku nimenuna.

Wewe unayesoma hapa, kuna mlango unaukwepa. Nakujua. Umeshatunga sababu mia, na aliye nyuma ya mlango anazidi kuzeeka. Kasemeni, jamani! Kasemeni mapema. Mnachokiogopa huenda mwenzenu alishakisamehe zamani, na anayeumia kwa kusubiri ni yeye, pamoja na sisi tunaoishi na nyie bila kujua chochote.

Rifaat bado sijamsamehe. Nampikia, lakini siongei naye sana.

Ila jioni ile nilimsikia kutoka kibarazani. Anamsimulia bibi jinsi Zakaria alivyoiba buti la sajenti akapandia nyanya kule jangwani, na nyanya zikaota, na sajenti mwenyewe akawa anakwenda kuzimwagilia maji kila asubuhi.

Bibi Inaam alicheka mpaka akajishika ubavu.

"Hiyo sikuwa naijua," akasema. "Hiyo sikuwa naijua kabisa! Haya, endelea..."